Uchambuzi wa diski ya SSD ndani ya laptopu kongwe iliyolemewa na mfumo mpya

Ndugu watazamaji, karibuni. Kifaa nilichokishika mkononi ni diski ya SSD, yaani diski ya kuhifadhia data isiyo na sehemu inayozunguka, ya inchi 2.5, yenye gigabaiti 240 na kiunganishi cha SATA, kile kinachoiunganisha diski na kompyuta. Ninaichambua kwa swali moja tu: je, inaweza kuirudishia uhai laptopu ya mwaka 2012 iliyokuwa ikienda vizuri na Windows 7, kisha ikapandishwa hadi Windows 10 na kuanza kujikokota kama mkokoteni wenye pancha? Jina la mtengenezaji silitaji, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanahusu aina hii ya diski kuliko lebo iliyobandikwa juu yake.

Kabla ya kulegeza hata skrubu moja, hakikisheni kwamba mwenye kosa ni diski. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka lina safu za prosesa, kumbukumbu na diski, kila moja na asilimia yake. Katika laptopu hii prosesa ilikuwa chini ya asilimia 20, RAM, yaani hiyo kumbukumbu, ya gigabaiti 4 ilikuwa imejaa kwa asilimia 60 hivi, ilhali diski ilikuwa imeganda kwenye 100 hata kabla sijafungua programu yoyote. Wapo watakaowashauri mwanze kwa kuongeza RAM, na ushauri huo una mahali pake, lakini kwa mashine yenye tarakimu kama hizi ni sawa na kupanua sebule wakati msongamano uko mlangoni.

Kama mmepandisha mfumo jana au juzi, vuteni subira kwanza. Mfumo mpya hutumia siku zake za mwanzo kutengeneza upya faharasa ya faili, kupakua masasisho na kukagua virusi, na kazi zote hizo huing'ang'ania diski kwa wakati mmoja. Iacheni mashine ikiwaka usiku kucha, ikiwa imechomekwa kwenye umeme, ndipo mpime tena. Mimi niliipa wiki nzima, na ile 100 haikushuka.

Sababu yake iko katika umbo la diski yenyewe. Diski ya kizamani ya laptopu kwa kawaida ina sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11. Kila faili ndogo inapoombwa, kichwa cha kusomea lazima kisogee hadi kwenye njia yake, kisha kisubiri data izungushwe hadi ifike chini yake, na ukijumlisha mwendo na kusubiri, ombi moja linaweza kula milisekunde 15 au zaidi. Kwa mwendo huo, diski haimudu hata maombi 100 kwa sekunde moja, ilhali Windows 10, yenye kazi nyingi za chinichini, humwaga maombi madogo madogo mfululizo tangu kompyuta inapowashwa. SSD haina sahani wala kichwa, hivyo hujibu ombi kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde. Kwa sababu hiyo, zile megabaiti 500 na ushee kwa sekunde zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kasha si jambo la kuwavutia sana. Hata kompyuta yenye SATA ya kizazi cha pili, ambayo haiwezi kuufikia hata mwendo wa megabaiti 300, itawafanya mhisi tofauti ileile katika matumizi ya kila siku.

Kuifunga hakukunipa shida. Nilihifadhi kwanza nakala ya faili zangu, nikaiunganisha SSD kwa kebo ya SATA kwenda USB, nikanakili diski nzima kwa programu ya kunakilia, nikazima, nikatoa betri, kisha nikabadilisha. SSD hii ina unene wa milimita 7 na nafasi ya laptopu hii ni ya milimita 9.5, kwa hiyo inahitaji fremu ya plastiki ya kujazia, ambayo mtengenezaji hakuiweka kwenye kasha. Huo ni ubahili usiopendeza.

Matokeo ni haya. Kuwasha hadi kufikia eneo-kazi lililo tayari kutumika kulichukua dakika 4 na ushee. Sasa ni sekunde 31. Kivinjari kilichokuwa kikinipa muda wa kutosha kwenda kuchota maji ya kunywa sasa hufunguka kabla sijaondoa kidole kwenye kipanya. Kasoro niliyoiona ni kwamba ninaponakili faili kubwa ya gigabaiti 20, mwendo huanza vizuri kisha huporomoka, kwa sababu diski za bei nafuu zina akiba ndogo ya kuandikia kwa haraka na ikijaa huishiwa pumzi. Mhariri wa video ataichukia tabia hiyo; mwandishi wa barua na hesabu hataiona kabisa.

Yapo ambayo SSD haitayatibu. Kama kurasa zinaruka-ruka mnapozishusha, huenda mfumo mpya umeweka draiva (programu inayoendesha kifaa) ya msingi ya kioo, na dawa yake ni draiva halisi ya kadi ya picha. Kama feni inanguruma na mashine inazidi kupunguza mwendo kadiri inavyopata joto, prosesa inajinusuru, kwa hiyo safisheni vumbi. Na kama kuna antivirasi 2 zinazofanya kazi pamoja, ondoeni moja.

Je, inafaa kutumia fedha kwa kompyuta ya umri huu? Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa ambazo kwa upande wa Intel huanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha 8, ambacho laptopu ya 2012 haikifikii hata kwa mbali. Hata hivyo mimi ningeinunua, kwa kuwa Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, inaendelea kuzihudumia mashine za namna hii, na siku laptopu itakapokufa, SSD itahamia kwenye kompyuta nyingine yenye kiunganishi hicho. Nisingenunua yenye ukubwa zaidi ya huu kwa ajili ya mashine hii.

Diski ya zamani nimeiweka kwenye droo bila kuifuta. Itakaa humo mwezi mzima, na ikiwa SSD haitakuwa imenisumbua, nitaitia kwenye kasha la USB niitumie kuhifadhia nakala.