Misimu miwili topeni na fremu ya mwanzi: uzoefu wangu

Kila nikifika kwenye mbio swali ni lile lile. Mtu anaizunguka baiskeli yangu, analigonga bomba la juu kwa ukucha, anatega sikio, kisha anauliza: "Na hii haivunjiki?" Nimeishindania fremu hii misimu miwili, nimeanguka nayo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na jibu ni kwamba haijavunjika. Lakini hajatokea hata mmoja wa kuniuliza kuhusu maji, na maji ndiyo yaliyonitoa jasho.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: saiklokrosi ni mbio fupi za kuzunguka njia moja ya kilomita 2.5 hadi 3.5, yenye majani, tope, mchanga na kona za kwenye mteremko, pamoja na sehemu ambazo huna ujanja ila kushuka, kuitia baiskeli begani na kukimbia. Baiskeli yake ukiitazama kwa mbali utadhani ni ya barabarani: usukani ule uliopinda kama pembe za kondoo, ila tairi zina meno. Kanuni za UCI, chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli, zinataka tairi isizidi upana wa milimita 33, na vile vibao vya kuruka visizidi urefu wa sentimita 40. Wanaume wa daraja la juu hushindana kwa saa moja hivi, wanawake dakika 50. Sisi wa ngazi ya chini tunapewa dakika 45, na kwangu zinatosha kabisa kujuta kwa nini niliamka.

Fremu niliiagiza kwenye karakana ya mafundi wawili. Siwataji, kwa sababu huko chini nitawalalamikia na hapa hawana nafasi ya kujitetea. Kazi yao ni ya mikono tupu. Wanachagua mianzi iliyokomaa, wanaikausha kwa muda mrefu, wanaipitisha motoni, kisha wanaikata kulingana na vipimo vya mwili wako na kuishikiza pamoja. Viungo vinazungushiwa nyuzi za katani zilizolowekwa kwenye gundi ya epoksi, tabaka juu ya tabaka, na vinakazwa kwa utepe hadi gundi ishike. Walinitumia picha fremu ikiwa katika hatua hiyo na nilishtuka. Ilifanana na mgonjwa aliyefungwa bandeji kila kiungo. Baada ya msasa na vanishi ikageuka kitu ambacho watu husimama kukitazama. Chuma, au tuseme alumini, ipo sehemu tatu tu: bomba la mbele linaloshika uma, mahali ekseli ya pedali inapopita, na midomo inayoshika gurudumu la nyuma pamoja na breki ya diski. Uma wa mbele ni wa kaboni, na hili la uma nitalirudia.

Uzito: fremu peke yake kilo 2.5, baiskeli nzima kilo 9.9. UCI wanaruhusu kushuka hadi kilo 6.8, kwa hiyo hesabu tofauti mwenyewe. Anayetafuta wepesi aishie hapa.

Wengi wanafikiri baiskeli ya mwanzi ni mtindo wa juzi. London walikuwa wakizionyesha na kuziwekea hataza mwaka 1894. Zikaja kusahaulika, hadi miaka ya 1990 ambapo Craig Calfee, fundi wa fremu za kaboni kule California, alianza kuzijenga baada ya kuona mbwa wake akihangaika na kipande cha mwanzi bila kukiweza. Na kuzishindania kwenye tope si wazo langu: kampuni ya Boo Bicycles ya Colorado, iliyoanzishwa na Nick Frey ambaye mwenyewe alikuwa mshindani, ilitengeneza za saiklokrosi zenye viungo vya kaboni. Wao walitumia aina ya mwanzi ambao tundu lake la katikati ni dogo mno, karibu gogo zima. Wangu ni mwanzi wa kawaida, mtupu ndani. Kumbuka hilo tundu.

Sasa, inapandika vipi?

Wauzaji wote wa mianzi wanaimba wimbo mmoja: mwanzi unameza mtikisiko. Mimi siamini wimbo wa muuzaji, maana kwenye saiklokrosi kinachomeza mtikisiko hasa ni tairi. Tunaendesha na upepo mdogo sana, wangu huwa bar 1.6, na ukiongeza kidogo tu utaisikia ardhi yote mgongoni. Kwa hiyo nilifanya jaribio la kimaskini. Nilichukua baiskeli yangu ya zamani ya alumini, nikafunga magurudumu yale yale, tairi zile zile, upepo ule ule na kiti kile kile, nikazunguka uwanja wenye makwato ya ng'ombe yaliyokauka. Mizunguko mitano na moja, kupumzika, mitano na nyingine. Siku tatu tofauti, nikibadilisha ipi itangulie.

Mikononi sikuona tofauti yoyote. Na ndivyo inavyopaswa kuwa: uma ni wa kaboni kwenye zote mbili, na mikono yako imeshika uma, haijashika mwanzi. Tofauti niliiona kiunoni, na si mzunguko wa kwanza. Ilianza wa nne. Kwenye alumini, kufikia hapo nilikuwa nimeshaanza kuinuka kitini kila nikiona mashimo. Kwenye mwanzi niliendelea kukaa na kukanyaga. Anayeshindana anajua maana ya hilo: gurudumu la nyuma linang'ang'ania ardhi pale tu uzito wako ulipo juu yake. Sikuwa mwepesi zaidi mwanzoni, ila nilichelewa kuchoka. Kwangu hilo lina thamani kuliko gramu 800 nilizobeba za ziada, ingawa kwenye kilima cha kukimbia begani gramu hizo zinakuwa na jina na sura.

Kukanyaga kwa nguvu kutoka kwenye kona kunaleta hisia fulani ya kuchelewa, kama vile fremu inavuta pumzi kabla ya kuondoka. Ndogo. Baada ya wiki tatu niliacha kuiona. Mchangani hakuna tofauti hata chembe, mchanga ni suala la miguu na moyo.

Begani ndipo nilipoanza kumkumbuka fundi kwa majina yasiyo mazuri. Unapoibeba baiskeli ya saiklokrosi, bomba la juu linakaa begani kulia, mkono unapita chini ya bomba la chini na kushika usukani upande wa kushoto. Bomba la mwanzi ni nene, langu karibu milimita 40, na lina vifundo. Na fundi wangu, Mungu amsamehe, alilikata bomba la juu hivi kwamba kifundo kimoja kimekaa pale pale linapogusana na mfupa wa mtulinga. Mbio tatu za kwanza nilirudi nyumbani na alama nyekundu ya duara. Huwezi kukipiga msasa kifundo ukakimaliza, maana ndipo nyuzi za mwanzi zinaposhikana. Nilishona kipande cha sponji ndani ya fulana ya mbio. Kwa mtu anayeendea kazini fremu hii, kifundo hicho ni pambo. Ndiyo maana nasema fundi wa mianzi na fundi wa mianzi ya saiklokrosi ni watu wawili, na wangu alikuwa wa kwanza.

Alama nyingine ya hilo: nafasi ya tope. Mabomba ya nyuma ya mwanzi nayo ni manene, na kwangu kati ya tairi ya milimita 33 na fremu ilibaki nafasi ya milimita 4 kila upande. Kwenye vumbi hakuna shida. Kwenye tope lenye nyasi, mizunguko miwili tu na gurudumu la nyuma linageuka kuwa kichuguu kinachokataa kuzunguka. Mara moja nimeikokota baiskeli hadi kwenye eneo la kubadilishia baiskeli huku watu wakinishangilia kwa huruma, hali ambayo ni mbaya kuliko kuzomewa. Ukiagiza, taka milimita 8 na uandikiane.

Kelele kidogo ya "kwi kwi" kwenye pedali ilikuwepo mwezi wa kwanza. Uso wa alumini haukuwa umesawazishwa vizuri, fundi wa baiskeli wa kawaida alimaliza kazi hiyo kwa nusu saa na grisi. Tuyaache hayo.

Kuvunjika, basi, kwa kuwa najua wengine mmesoma mpaka hapa kwa sababu hiyo tu. Msimu wa kwanza nilikwaa kibao cha pili kwa gurudumu la nyuma, baiskeli ikapinduka na bomba la juu likatua kwenye ukingo wa mbao kwa uzito wangu wote. Alumini ingebonyea. Kaboni ningeipeleka kupimwa nikiwa na wasiwasi wiki nzima. Mwanzi ulichubuka vanishi urefu wa kidole. Niligonga bomba lote kwa sarafu, pingili hadi pingili, nikisikiliza: sauti ikiwa kavu na wazi, salama, ikizimika kama umegonga kitabu, kuna ufa. Ilikuwa wazi mwanzo hadi mwisho. Nikapaka vanishi, nikarudi mbioni Jumapili iliyofuata.

Ufa ulikuja baadaye, usiku, baiskeli ikiwa imesimama ukutani.

Yalikuwa mashindano ya mvua, tope la maji maji. Tukimaliza, wote tulipanga foleni kwenye mashine ya kuoshea kwa maji ya nguvu, nami nikaosha kama wenzangu. Nikairudisha nyumbani, nikaiweka karibu na kipasha joto ikauke. Yapata saa nane za usiku nikasikia "paa!", kama mtu amepasua karanga kubwa. Nilidhani ni dirisha. Asubuhi niliona mstari mwembamba kwenye bomba la chini, sentimita 7, ukitokea kwenye tundu la skrubu ya kushikilia chupa ya maji.

Nilipoiinua na kuitikisa nikasikia maji yakicheza ndani.

Kumbe skrubu ya juu ilikuwa imelegea. Maji ya nguvu yalipenya hapo, yakajaza pingili, na mwanzi kwa ndani haujapakwa vanishi. Ukanywa. Kisha mimi kwa akili zangu nikaukausha kwa joto upande mmoja. Mwanzi ni jamii ya nyasi. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na ukikauka haraka upande mmoja unapasuka kufuata nyuzi zake. Haukatiki pande mbili, na hiyo ndiyo heri yake: unakupa onyo na muda. Ningekuwa nimeupanda ukiwa na ufa huo pengine ningemaliza mbio nzima bila kujua.

Niliwaandikia mafundi. Kimya cha wiki tatu. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa, na si la mwanzi. Walipojibu walikuwa waungwana: waliikausha polepole, wakamimina gundi nyepesi ndani ya ufa, wakafunga nyuzi juu yake, hawakunitoza kitu. Kiraka kinaonekana, nami nakipenda. Lakini wiki tatu katikati ya msimu ni mbio tatu nilizokimbia na alumini, kiuno kikinilaani.

Tangu hapo naosha kwa ndoo na brashi, naifuta, naiacha kivulini ijikaukie yenyewe. Skrubu zote nimezipaka gundi ya kuziba. Kila mwanzo wa msimu napaka vanishi palipochubuka. Kazi hiyo haifiki saa moja, ila lazima uwe mtu wa kuifanya. Kama wewe ni yule anayetupa baiskeli stoo na tope lake hadi Jumamosi ijayo, nunua alumini na tubaki marafiki.

Je, ningenunua tena? Nimeshaagiza ya pili, ya kuwekwa kwenye eneo la kubadilishia, na kwa karakana ile ile. Safari hii nimepeleka karatasi yenye maelekezo: milimita 8 za nafasi ya tope, kifundo kisogee sentimita 6 mbele, vanishi ndani ya kila bomba kabla ya kufunga viungo, na matundu ya chupa yasitobolewe kabisa. Hilo la mwisho lilimsumbua fundi. Alinipigia simu, na safari hii hakuchukua hata siku mbili.

"Ndugu yangu, sasa maji utaweka wapi?"

Nikamwambia nje ya fremu, fundi. Nje kabisa.