Uzoefu wangu: vitabu vitatu vya Kikristo nilivyosomea kibandani Majengo, kimoja kimeniacha njiani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wengine wote mambo zenu. Mimi ni wakala wa kutoa na kuweka pesa hapa Majengo Dodoma, na kazi yetu mnaijua, asubuhi foleni, saa nane mchana unahesabu nzi. Hapo ndo nilianza kusoma vitabu badala ya kuchungulia status za watu. Toka mwezi wa kwanza nimemaliza viwili na kitu, vyote vya imani na maisha ya kila siku, hiyo na kitu ntaieleza.

Cha kwanza kilitafsiriwa kutoka Marekani, Mkristo na pesa, 18,000, karatasi nzuri mpaka unaogopa kukishika na mkono uliotoka kula mlenda. Sikisemi vibaya, mwandishi anampenda Mungu inaonekana. Ila sura nzima anakwambia ukate kredit kadi zako kwa mkasi, inayofuata ni mkopo wa nyumba wa miaka 30, nikawa namsomea mume wangu jioni akaniuliza sasa sisi tukate nini, daftari la madeni dukani kwa Mangi? Kikoba hakipo humo, mchango wa harusi haupo, shemeji anayepiga saa nne usiku ana shida hayupo. Alafu mfasiri mistari ya Biblia kaitafsiri upya mwenyewe, sisi tuliokulia na Union Version ya 1952 mstari tunaujua kwa mdundo wake, ukiukuta umepindishwa unaacha kutafakari unaanza kubishana na kitabu. Nilikimaliza kwa uchungu wa hela yangu.

Cha pili kilikuwa cha tafakari, siku 40, kila siku ukurasa mmoja. Nilikisoma wiki moja kama tamthilia, nadhani ndo maana sikumbuki kitu.

Sasa cha tatu. Kimeandikwa na mchungaji wa hukuhuku kanda ya kati, nilikinunua nje ya kanisa baada ya ibada, 7,000, jalada jepesi, herufi ndogo hadi mama mkwe alikirudisha hapohapo akasema hiki ni cha sisimizi. Lakini huyu mtu anatujua jamani. Amechukua Mithali 11:1, mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, akaenda nayo moja kwa moja soko la mahindi Kibaigwa, anamuuliza mnunuzi anayedai lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo, kwa mkulima, hiyo lumbesa na huu mstari unaviweka gunia moja? Nilicheka peke yangu kibandani.

Kicheko kiliisha wiki hiyohiyo. Jioni nafunga hesabu naona elfu kumi imezidi, nahesabu tena imezidi, nikakumbuka kuna mama mmoja muuza mboga aliweka laki moja asubuhi, noti mpya zile zimegandana, mimi mwenyewe nilihesabu kumi kumbe zilikuwa kumi na moja. Zamani ningesema Bwana ameonekana na ningeenda kununua nyama, nisiwadanganye. Siku hiyo lumbesa ikanikaa kichwani, nikafungua daftari la miamala nikapata namba yake nikampigia. Akanyamaza kidogo, alafu akasema, "Mwanangu, mbona nimeshamchapa mjukuu kwa hiyo hela." Asubuhi akaja nae kibandani, katoto ka darasa la tatu hivi, kananiangalia kama mimi ndo nimekashikia fimbo. Nikampa bibi elfu kumi yake na kale katoto nikakanunulia juisi ya zabibu, kakapokea bila kusema asante na wala sikukalaumu.

Kwa hiyo kwa maudhui nakipa nyota nne, ya tano nimeinyima gundi. Maana sababu hasa ya kukinunua ilikuwa sura ya kusamehe. Kuna ndugu nilimdhamini kikoba, akakopa 300,000 akahama mji, nikalipa mimi kidogokidogo miezi saba na mpaka leo hajanipigia hata kunisalimia. Nikaifikia ile sura, mchungaji anaandika vizuri kabisa, anafika mahali anauliza na huyu asiyekuja kuomba msamaha umfanyeje, namaliza ukurasa wa 48, nakutana na 65! Sura nyingine kabisa, malezi ya vijana. Kurasa 16 hazipo, sio kwamba zimechanika, hazikuwekwa, na zilizobaki zinadondoka moja moja kila upepo wa Dodoma ukipita, siku moja tumefukuzia ukurasa wa 12 hadi kwa wauza nyanya. Aliyechapa simtaji. Ila marehemu babu kule Mvumi aliacha vijitabu vya Central Tanganyika Press, vya hapahapa Dodoma, vya enzi zake hizo, mchwa wamekula pembe lakini ukurasa mmoja haujapungua.

Nimerudi pale kanisani kubadilisha, nakala zimeisha, na mchungaji mwenyewe yuko semina mkoani. Wanaokifahamu hicho kitabu, jalada la kijani lenye picha ya mbuyu, naombeni mnipigie picha ukurasa wa 49 mpaka 64. Hata 49 peke yake kwanza.