Nilipeleka nondo na zege maabara hapa Dodoma: uzoefu wangu

Sisi tunaojenga Dodoma tukikutana tunaulizana bei ya saruji na fundi gani hana longolongo. Kupima vifaa tunawaachia wenye miradi mikubwa kule Mtumba, mji wa serikali. Mimi najenga ghorofa moja upande wa Nzuguni, na mhandisi wangu aligoma kuendelea na nguzo mpaka aone majibu ya maabara. Nikaenda shingo upande. Maabara yenyewe siitaji, maana nina la kuwasifu na la kuwalaumu.

Kwenye nondo ndiko pesa yangu ilikorudi mapema. Nilipeleka vipande vya milimita 12 kutoka maduka mawili. Kijana wa maabara hakukimbilia mashine. Alivipima urefu kwanza, akaviweka kwenye mizani. Nondo ya milimita 12 inatakiwa iwe na uzito wa gramu 888 hivi kwa kila mita, na kupungua kidogo kunaruhusiwa. Ya duka la kwanza ilikuwa sawa. Ya duka la pili aliipima, akairudia, kisha akanitazama: "Mama, hii umeuziwa kumi na mbili kwa jina tu." Muuzaji alibadilisha mzigo baada ya kuiona karatasi, ingawa alinuna.

Ile nzuri ndiyo ikavutwa. Mashine inaibana juu na chini halafu inavuta polepole, na kwenye skrini mstari unapanda umenyooka. Kwa muda huoni chochote kwenye chuma chenyewe. Ghafla magamba meusi yakaanza kupukutika na mstari ukalala: hapo nondo imeshalegea, hata ukiiachia hairudi urefu wake. Ikaendelea kurefuka, ikawa nyembamba sehemu moja, ikakatika kwa mlio kama wa bunduki. Nondo ya daraja la 500 haitakiwi kulegea kabla ya nyutoni (kipimo cha nguvu) 500 kwa kila milimita mraba, ambayo kwa milimita 12 ni sawa na kuining'inizia karibu tani 5.8. Lakini mhandisi alikodolea macho zaidi kiasi ilichorefuka kabla ya kukatika. Nondo isiyorefuka hukatika bila kutoa taarifa, na huku kwetu tuko kwenye Bonde la Ufa, ardhi hutikisika.

Zege lilikuwa na sinema yake. Walitukodisha kalibu za chuma za milimita 150 kila upande, zinazojazwa kwa matabaka matatu, kila tabaka likishindiliwa mara 35 kwa fimbo ya chuma. Siku ya kumwaga, fundi akaanza: "Mama, kwa jua hili zege linakauka mkononi, niongeze maji kidogo." Mhandisi akamwambia, ongeza, ila hilo la kwako lijaze kalibu za pembeni, lisikanyage kwenye nguzo. Vipande vikalazwa kwenye tangi la maji pale maabara, vingine vivunjwe siku ya 7 na vingine siku ya 28.

Tulikuwa tunatafuta zege la daraja la 25, yaani nyutoni 25 kwa kila milimita mraba: kipande kile kibebe zaidi ya tani 57 kabla ya kuvunjika. Lililochanganywa kwa kipimo lilifika 28. La fundi, saruji ileile, mchanga uleule, kokoto zilezile, liliishia 17. Nilikwenda naye makusudi ashuhudie. Kipande kizuri kilimeguka pande zote nne kwa usawa, katikati pakabaki piramidi mbili zimegusana ncha. Kijana alisema hivyo ndivyo kinavyotakiwa kuvunjika, kikipasuka upande mmoja tu wanashuku hakikukaa sawa kwenye mashine. Fundi hakusema neno. Siku hizi anapima maji kwa ndoo bila kukumbushwa.

Sasa lawama. Majibu yanatoka yamejaa tarakimu na mhuri, hakuna wa kukaa na wewe akueleze. Bila mhandisi ningeiweka karatasi kabatini tu. Pia mzigo unaupeleka mwenyewe na karatasi inaandika "sampuli imeletwa na mteja". Mjanja anaweza kupeleka kipande cha zege la jirani. Ukinunua nyumba na ukaonyeshwa karatasi ya namna hiyo, uliza nani alijaza kalibu.

Na kuna jambo wasilokuambia pale dirishani. Kile kipande kimekaa majini wiki nne, hakijaonja jua. Nguzo yako iko nje, kwenye upepo wa Julai wa Dodoma unaokausha nguo ukigeuka tu. Saruji inahitaji maji ili iendelee kukomaa, kwa hiyo ile nguvu ya 28 ni uwezo wa zege lililotunzwa vizuri, siyo lazima wa nguzo yako. Sisi tulizifunga nguzo magunia tukayamwagilia asubuhi na jioni, na maji yalikuwa ya kununua, ya boza. Yaliniuma kuliko ada ya vipimo.

Kwa vipimo nawapa nyota nne kati ya tano, kwa maelezo mbili. Wanapima na tofali za saruji. Nimetenga chache za kupeleka kabla sijamalizia malipo ya mzigo, na mwenye tofali ameshaanza kunipigia simu kuuliza kwani nina wasiwasi gani.