Darasa la roho la Jumamosi, Bagamoyo: maoni ya mkunga mstaafu

Nianze na bei, maana kila niliyemsimulia aliuliza hilo kwanza. Ni elfu ishirini kwa awamu nzima, chai na kitini humo humo. Darasa linafanyika Jumamosi alasiri kwenye ukumbi mdogo upande wa Mji Mkongwe, na mada ni moja tu: Wakristo wa karne za mwanzo walifikiri nini kuhusu roho, na kama kweli haifi.

Anayetaka mahubiri aende kanisani kwake. Hapa ni mabishano ya wasomi waliokwisha kufa zamani, na mwalimu hana haraka ya kuwapatanisha. Kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa ya darasa hili.

Sisi tumelelewa tukiambiwa roho haifi, basi, limekwisha. Mwalimu alianza na Justin, mzaliwa wa Palestina aliyeuawa Roma mnamo mwaka 165. Huyu kabla ya kuwa Mkristo alikuwa mfuasi wa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na Plato alifundisha kwamba kutokufa ni asili ya roho yenyewe. Justin anasimulia kuwa siku moja alikwenda kutembea mahali pa upweke karibu na bahari, akakutana na mzee aliyembana kwa maswali mpaka akaishiwa majibu. Roho, alisema yule mzee, si uhai wenyewe. Ina uhai kwa sababu imepewa, na itaishi kadiri Mungu anavyotaka. Tatian, mwanafunzi wa Justin, akaenda mbele zaidi akaandika waziwazi kwamba roho ikiachwa peke yake inakufa. Mzee mmoja wa kanisa aliyekaa nyuma yangu aliguna, ukumbi mzima ukamgeukia.

Somo la Tertullian ndilo lililonilipa ile elfu ishirini. Huyu alikuwa mwandishi Mkristo, aliandika Carthage, ambako leo ni Tunisia, mwanzoni mwa karne ya 3. Wastoa, kundi la wanafalsafa lililoanzia Ugiriki, walikuwa wanadai mtoto tumboni hana roho bado, yuko kama mmea tu, na roho inamjia akishazaliwa, ule ubaridi wa hewa unapompiga. Tertullian akakataa katakata: roho na mwili vinaanza pamoja, tangu mimba inapotungwa. Na kutafuta ushahidi hakwenda kwa wanafalsafa, aliwaita akina mama. Waseme wao kama hawakusikia kitu kikicheza na kupiga mateke ndani yao.

Mwalimu akauliza kama yupo humu wa kumjibu Tertullian. Nikasimama. Niliwaeleza mambo ya leba: unaweka kile kikombe cha kusikilizia juu ya tumbo, uchungu ukibana mapigo ya mtoto yanabadilika, ukiachia yanarudi. Halafu wapo wanaotoka kimya, wamelegea, rangi ya bluu. Unamfuta kwa kitambaa, unamsugua mgongo, na vidole viwili umevishika pale kitovu kinapoungana na tumbo. Hajavuta hewa hata chembe, lakini pale chini ya vidole panadunda. Kwa hiyo hao Wastoa, kwa heshima zao zote, hawakuwahi kusimama leba.

Tertullian naye sikumfuata mpaka mwisho. Anasema roho yenyewe ni mwili wa aina yake, mwororo, wenye rangi ya hewa na umbo la mtu, na shahidi wake ni dada mmoja wa kusanyiko lao aliyeiona katika maono. Tena anasema roho ya mtoto inatoka kwa wazazi, kama chipukizi. Kina mama wawili walilipenda hilo kwa kuwa, walisema, ndiyo maana watoto wanarithi ukorofi wa baba zao.

Origen wa Alexandria alipitishwa mbio mno. Mtu aliyefundisha kwamba roho zilikuwapo kabla ya miili, na fundisho hilo likaja kulaaniwa na maaskofu huko Constantinople, Istanbul ya leo, mwaka 553, yaani miaka kama 300 baada ya kifo chake, huwezi kumpa dakika za kunywea chai. Augustine, msomi wa Afrika Kaskazini aliyekuja kuwa askofu, alipewa nafasi yake. Mwaka 387 alikuwa Milan akiandika hoja za kuthibitisha kwamba roho haifi. Lakini roho ya kila mtoto inatoka wapi, kwa wazazi au inaumbwa upya? Mwaka 415 alimwandikia Jerome, msomi wa Biblia aliyekuwa Bethlehem, kumwomba msaada, na kilichomsumbua zaidi ni mateso ya watoto wachanga. Uzeeni akaandika kwamba hakujua wakati ule na bado hajui. Maalim mmoja wa madrasa, ambaye hakosi kipindi, akasema kwao jibu liko kwenye Kurani: roho ni katika amri ya Mola, na binadamu amepewa elimu kidogo tu. Hakuna aliyempinga.

Ila la Macrina limeniudhi. Huyu ni dada mkubwa wa askofu Gregory wa Nyssa, alifariki mwaka 379, na mdogo wake huyo ameandika mazungumzo yao, dada akiwa kitandani mahututi. Gregory amekwenda na majonzi ya kufiwa na Basil, ndugu yao; mgonjwa ndiye anayemfundisha. Anamwonyesha tabibu aliyekuja kumtibu: tazama, ameweka vidole kwenye mshipa, na kwa kugusa tu anausikia mwili ukimweleza maumivu yake. Vidole peke yake havijui kitu. Kuna anayejua kupitia vidole, na huyo ndiye roho. Hoja kama hii, kutoka kwa mwanamke pekee katika orodha nzima, ikabanwa kwenye nusu saa ya mwisho, watu wanatafuta viatu.

Mengineyo: wanachelewa kuanza, feni ni moja na iko upande wa mwalimu, chai ni nyepesi ila maandazi yana iliki ya kutosha. Kitini kimetolewa kopi juu ya kopi, kurasa za Augustine zimefifia na nyingine imebanwa kichwa chini. Awamu ijayo ni ya ufufuko wa mwili. Nimeshalipia, na nimewaambia wazi kwamba kitini kile sikipokei tena.