Gauni la kitenge la kushonesha Kariakoo ukiwa London, nimelivaa mbele ya Princess Anne: nyota 3 kati ya 5

Naandika hii kwa dada zangu mlioko nje mnaoshonesha nyumbani kwa watsapu, msije mkasema hamkuambiwa. Fundi simtaji jina maana bado nampenda na bado ana kitenge changu kingine.

Ilikuwa hivi. Mimi nasoma SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika hapa London, na SOAS ipo chini ya University of London ambayo chansela wake ni Princess Anne, dada yake Mfalme Charles, tangu 1981. Hivi mnajua kwenye uchaguzi ule wa 1981 aligombea nani mwingine? Mandela, akiwa jela! Akawa wa tatu, wa pili alikuwa mzee mmoja wa vyama vya wafanyakazi. Basi kila Novemba kuna shughuli ya kukumbuka hati ya kifalme iliyoanzisha chuo mwaka 1836, inafanyika Senate House, lile jengo refu jeupe pale Bloomsbury ambalo jiwe lake la msingi aliliweka Mfalme George wa 5, yaani baba wa babu yake huyu huyu chansela. Wanafunzi kadhaa tunaalikwa, na safari hii kadi ikaniangukia mimi.

Kadi ikasema suti au vazi la taifa. Vazi la taifa, jamani! Mtanzania unaambiwa hivyo wakati kamati zimekaa na kamati zimevunjwa na bado kila mtu anavaa anachojua. Nikasema isiwe tabu, kitenge.

Fundi nikamtumia picha ya mshono na vipimo nilivyojipima mwenyewe na tepu ya kuazima, akajibu "mdogo wangu ondoa shaka", wiki mbili kamaliza, likaja kwenye begi la dada mmoja aliyekuwa anarudi huku. Kitenge elfu 30, kushona elfu 45. Kwa hela hiyo hapa London labda upunguziwe urefu wa suruali.

Na kiukweli kazi ni nzuri aisee. Maua ya ubavuni yamekutana mpaka huoni kiungo kiko wapi, nimelilaza kitandani nikatafuta kwa kidole. Zipu ni ile ya kujificha na haing'ang'anii kitambaa. Bitana ni laini, haipandi ukitembea. Kwapa halibani, na wanaoshonesha mnajua kwapa ndio ugonjwa wa mafundi wetu.

Shida iko nyuma, chini ya zipu. Kashona mstari mmoja tu halafu akiba ya kitambaa kaacha kama nusu inchi, na mpasuo kauweka mfupi mno. Ukisimama huoni tatizo. Na mimi nilijipima nimesimama, halafu nimekula chipsi za baridi miezi miwili, nalo hilo niseme ukweli.

Siku yenyewe mama mmoja wa itifaki akatupanga nusu duara, watu sita sita. Usitangulize mkono, subiri Princess atoe yeye. Mwanamke unaweza kukunja goti kidogo, mwanaume kuinamisha kichwa, na siyo lazima. Ukimsalimia unataja kile cheo chake kirefu, baada ya hapo ni "mem" tu, fupi, nikamkumbuka bibi yangu na hadithi zake za kina memsabu. Selfi hakuna. Tukasimama pale kama dakika 40, viatu vinachoma, kijana wa pembeni yangu anafuta viganja kwenye suti.

Sasa mimi nimekulia Shinyanga. Kwetu mtoto wa kike ukimsalimia mkubwa unapiga goti, siyo kukunja, unapiga. Wiki nzima nilikuwa bafuni mbele ya kioo najifunza kukunja kidogo kama Waingereza. Lakini Princess Anne alivyofika mbele yangu, na zile nywele zake za kubana juu ambazo nimeziona kwenye tivii tangu mtoto, mwili ukafuata malezi wenyewe, nikashuka mpaka chini kama namsalimia bibi katoka kisimani. Hapo ndio nikasikia trrrrr.

Akanipa mkono, akaniuliza nasoma nini, nikasema isimu, cheo nikasahau, mem nikasahau, shikamoo ilikuwa imeshafika kwenye ulimi nikaimeza. Akahamia kwa kijana wa viganja. Yote haikufika dakika moja, nami nikaanza kurudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta, na ule ukuta wa mawe ni wa baridi, ndio nikajua uwazi umefika wapi. Inchi nne, nimepima baadaye.

Kilichoniokoa ni kanga. Mama yangu hajawahi kuniruhusu kutoka bila kanga mkobani, nimembishia miaka yote. Nikajifunga kiunoni, nikala vitafunio vyangu, nikazunguka Senate House nzima na "Wivu wako ndio umaskini wako" nyuma. Wazungu wakanisifia rangi. Mwalimu mmoja anayejua Kiswahili akasoma, akalazimika kuweka glasi chini.

Kwa hiyo nyota tatu. Mbili nimekata kwa ule mshono wa nyuma, maana gauni la heshima lazima mtu aweze kuchuchumaa, kukaa kwenye daladala, kuokota funguo. Mkishonesha mwambieni apige mishono miwili na aache akiba inchi moja au zaidi, na mumuombe mtu mwingine awapime, mkae na mchuchumae huku tepu ikiwa kwenye hipsi.

Nimemtumia picha ya uharibifu. Akakaa kimya siku mbili, halafu ikaja voisi: "Sasa mdogo wangu, wewe ulisema unaenda kusalimiana na Wazungu. Ungeniambia kama utapiga goti ningekushonea la marinda."