Speedmaster tatu za Snoopy (2003, 2015, 2020): uzoefu wangu

Hizi ni saa za mkononi za Omega zilizopambwa kwa Snoopy, mbwa wa katuni. Anayetaka jibu la haraka: ya kuvaa ni ya 2020, ya kuweka ni ya 2015, na ya 2003 ndiyo ya kuanzia kwa mtu asiyetaka kuuza shamba. Anayekaribia kulipa aendelee kusoma, maana kwenye saa hizi pesa haiko kwenye mashine. Iko usoni, mgongoni na kwenye karatasi. Mnunuzi akilisahau hilo hulipa bei ya Snoopy na kupewa Speedmaster ya kawaida iliyobadilishwa sura.

Asili yake ni Apollo 13, safari ya NASA ya kwenda Mwezini. Tarehe 13 Aprili 1970 tangi la oksijeni lililipuka, wanaanga wakazima karibu kila kitu ili kuokoa umeme, na baadaye walihitaji kuwasha injini kwa sekunde 14 tu ili kurekebisha njia ya kurudi Duniani. Jack Swigert, mmoja wa wanaanga hao, alizihesabu kwa Omega Speedmaster yake. Tarehe 5 Oktoba 1970 Omega ikapewa Silver Snoopy, tuzo ambayo wanaanga wa NASA huwapa waliochangia usalama wa safari zao. Huyo mbwa wa katuni alikwisha kuwa nembo yao ya usalama kabla ya hapo. Matoleo haya matatu yanaikumbuka tuzo hiyo, na ndiyo maana namba zake zina maana. La 2003 lina saa za mkononi 5,441 kwa sababu safari ilidumu saa 142, dakika 54 na sekunde 41, na hizo tarakimu nne za mwisho ndizo zilizochukuliwa. La 2015 lina saa 1,970, yaani mwaka wa safari.

La 2020 halina idadi iliyotangazwa. Hapo ndipo wakusanyaji wanapogombana. Wapo wanaosema saa isiyo na namba ya toleo mgongoni si ya kukusanya, hata ukiisubiri miaka miwili dukani. Mimi siko upande huo. Idadi ndogo haiifanyi saa kuwa nzuri, na toleo la 2020 limetengenezwa kwa uangalifu kuliko ndugu zake wote wawili. Lakini ukinunua kwa matumaini ya kuuza kwa faida, jua kwamba kiwanda kikiamua kutengeneza zaidi hakuna ahadi yoyote kinachoivunja.

Ya 2003 kwa mbali ni Speedmaster nyeusi ya kawaida: bezeli (pete inayozunguka kioo) ya alumini, kioo cha plastiki kinachoitwa hesalaiti, mkanda wa chuma. Tofauti ni ile beji ya rangi ya Snoopy kwenye duara dogo la sekunde upande wa namba 9. Wengine huiona kama stika ya mtoto wa shule, na sura hiyo ndiyo iliyoifanya ipuuzwe kwa miaka mingi. Kioo chake kikichubuka usiogope. Tia tone la polishi ya plastiki kama Polywatch, sugua kwa kitambaa laini kwa dakika mbili tatu, mikwaruzo midogo inaondoka. Ziba kwanza bezeli kwa utepe wa karatasi, kwa sababu rangi yake ikishakwaruzwa hairudi, na bezeli ya zamani iliyo safi inatafutwa kuliko unavyodhani.

Ya 2015 ndiyo inayotajwa kwa sauti ya chini. Uso mweupe, maduara meupe, bezeli ya kauri nyeusi, kioo cha safaya. Kati ya alama ya 0 na ya sekunde 14, kwenye ukingo wa uso, kuna maneno madogo yanayouliza unaweza kufanya nini ndani ya sekunde 14. Bila lensi ya fundi hutayasoma vizuri. Mgongoni kuna Snoopy wa fedha ya 925 juu ya enameli ya buluu iliyonyunyiziwa unga wa fedha mfano wa nyota. Huo unga una faida ambayo wauzaji wachache huitaja: mtawanyiko wake haufanani kati ya saa moja na nyingine. Piga picha ya mgongo wa saa yako kwa karibu, kwenye mwanga mkali, uihifadhi. Saa ikiibiwa, au ikirudi kutoka kwa fundi na mgongo usio wake, nyota zitasema.

Ya 2020 ina uso wa fedha, maduara ya buluu, bezeli ya kauri ya buluu yenye namba za enameli nyeupe, na mchezo wote uko nyuma. Mwezi umechorwa kwenye kioo cha mgongo. Nyuma ya kioo kuna kisahani cha Dunia kinachozunguka mara moja kwa dakika, sambamba na mshale wa sekunde ulio usoni, na hakisimami maadamu saa inatembea. Ukibonyeza kitufe cha juu, mkono mwembamba uliombeba Snoopy ndani ya chombo chake unaanza kuzunguka na kumpitisha nyuma ya Mwezi. Ni mchezo wa dakika moja, na nakiri sijauchoka. Ila fikiria maana yake kwa fundi. Ekseli mbili za mashine zimerefushwa hadi mgongoni kubeba vitu hivyo, kwa hiyo mfuniko ukiondolewa, kitu cha kwanza kukutana na bisibisi ni mapambo, na mapambo hayo hayauzwi kwenye duka la vipuri. Saa hii asiifungue mtu yeyote asiye wa kituo cha huduma cha kiwanda, hata kama ni fundi hodari unayemwamini kwa saa zako nyingine.

Sasa mashine. Ya 2003 na ya 2015 zote zina kaliba (aina ya mashine) 1861: ya kutia ufunguo, mapigo 21,600 kwa saa, akiba ya saa 48. Ni ile ile iliyokuwa kwenye Speedmaster za kawaida za wakati huo. Ina breki ya plastiki ngumu ndani ya kronografu (sehemu ya kupimia muda kwa kuwasha na kuzima) ambayo wakusanyaji huipigia kelele bila sababu, inafanya kazi na haihitaji mafuta. Udhaifu wake halisi ni sumaku. Jalada la tableti, spika, hata kifuniko cha simu chenye sumaku kinaweza kuifanya saa ikimbie dakika kadhaa kwa siku. Kabla hujalipia kusafisha mashine nzima, omba iondolewe sumaku kwanza, ni kazi ya sekunde chache. Ya 2020 ina kaliba 3861: akiba ya saa 50, springi ya silikoni, imepimwa kuvumilia sumaku ya gausi 15,000, na mwendo wake unatakiwa kuwa kati ya 0 na sekunde 5 mbele kwa siku. Tofauti hiyo inaonekana mkononi, si porojo ya tangazo.

Tofauti nyingine kati ya mashine hizi mbili inakupa kipimo cha bure cha kugundua bandia. Vuta ufunguo, kile kifundo cha pembeni, kana kwamba unarekebisha majira na utazame mshale mdogo wa sekunde pale kwenye namba 9. Kwenye kaliba 1861 unaendelea kutembea. Kwenye 3861 unasimama papo hapo. Ukiletewa "Snoopy ya 2015" na sekunde zikasimama, ndani mna mashine nyingine, rudisha mazungumzo yako kwenye hali ya hewa. Halafu itikise taratibu karibu na sikio: ukisikia kitu kizito kinazunguka, hiyo ina uzito wa kujijaza yenyewe, na hakuna hata moja ya hizi tatu iliyo nao.

Kwa ya 2015 kuna kipimo cha pili ninachokipenda. Imulike kwa tochi ya simu nusu dakika, kisha ingia chumba chenye giza. Mbali na mishale na alama za saa, Snoopy aliyelala kwenye namba 9 lazima ang'ae, na namba za takimita (kipimo cha kasi) kwenye bezeli vilevile. Bezeli iliyobadilishwa ya Speedmaster ya kawaida itabaki nyeusi.

Kronografu ijaribiwe kwa muda mrefu, si kubonyeza mara mbili na kushukuru. Kitufe cha juu kinawasha na kuzima, cha chini kinarudisha kwenye sifuri. Cha chini kikigoma wakati sekunde zinatembea hilo si tatizo, usikilazimishe. Mshale wa kati ukirukia mbele kidogo au kuchelewa kidogo unapowashwa, hilo pia ni kawaida: meno ya gurudumu moja yanaingia kwenye meno ya jingine kutoka ubavuni, na mara nyingine yanakutana ncha kwa ncha. Kinachotakiwa kukushtua ni mshale unaorudi kando ya namba 12 badala ya juu yake, au kila mara ukirudi mahali tofauti. Hapo mshale umelegea kwenye ekseli.

Iache kronografu itembee dakika 40 kisha tazama duara la namba 6 linalohesabu hadi saa 12. Mshale wake uwe umepita nusu ya hatua ya kwanza. Zima, rudisha, iache saa ikae usiku kucha bila kuwasha kronografu. Asubuhi, kama mshale huo wa namba 6 umesogea wenyewe, una ugonjwa unaojulikana sana kwenye familia ya 1861: breki ya gurudumu la saa haishiki sawasawa, kwa kawaida kwa sababu ya mafuta yaliyokauka au uchafu. Dawa yake si ghali. Hatari yake ni kwamba sehemu hiyo iko chini ya uso, kwa hiyo lazima mishale ing'olewe na uso utolewe. Kwenye Speedmaster ya kawaida, mkwaruzo wa bisibisi usoni unalipiwa kwa uso mpya na maisha yanaendelea. Kwenye uso wa Snoopy wa 2015, umeshaharibu sehemu kubwa ya thamani ya saa. Mwandikie fundi, kwa maandishi, kwamba uso, mishale, bezeli na mfuniko visibadilishwe wala kupolishiwa bila idhini yako, na chochote kitakachobadilishwa urudishiwe cha zamani kwenye mfuko. Akiweka saa kwenye mashine ya kupimia mwendo, hakikisha ameweka pembe sahihi ya kaliba husika. 1861 ni digrii 50. Akiiacha pembe ya saa nyingine, kipimo cha mbembeo (upana wa kuyumba kwa gurudumu la mizani) kitadanganya na utalipia matengenezo ambayo saa haiyahitaji.

Kupolishi bodi nakataa kabisa. Masikio ya Speedmaster, pale mkanda unaposhikia, yamejipinda na yana ukingo mwembamba unaong'aa kando ya chuma cha mistari. Gurudumu la kupolishi likipita mara mbili tatu ukingo huo unakuwa mviringo, na mkusanyaji yeyote atauona kabla hata hajaishika saa. Kauri nayo haichubuki kirahisi ila ikigongwa kwenye fremu ya mlango inaweza kuvunjika, na haina matengenezo.

Mkanda wa 2015 ni wa kitambaa cheusi cha nailoni chenye nyuzi nyeupe. Wa 2020 ni wa buluu, na upande wa ndani umechapwa njia ya safari ya Apollo 13. Ni mizuri kwa macho, lakini kwa jasho la Dar es Salaam, Mombasa au Muscat kitambaa kinanyonya chumvi na harufu haraka. Ushauri wangu: vua wa asili siku ya kwanza, uuweke kwenye boksi, vaa mkanda wowote wa raba wa upana wa mm 20. Saa zenyewe zimepimwa mita 50, basi mvua na kunawa mikono si tatizo zikiwa na gasketi nzima, lakini baharini usiende nazo na vitufe usivibonyeze zikiwa na maji.

Bei ya ya 2020 ilipotoka ilikuwa dola 9,600 Marekani, na kwa bei hiyo naipendekeza bila kusita. Kwa zile mbili za zamani bei inategemea ukamilifu: boksi lake, kadi ya dhamana yenye namba inayolingana na ya saa, mkanda wa asili. Linganisha tarakimu moja moja kwa lensi, si kwa picha ya WhatsApp. Muuzaji anayesema kadi iko kwa ndugu yake na itafuata baadaye, mwambie na pesa itafuata baadaye.