Kasha la maumbo ya plastiki: lita moja inayopunja

Kwa miaka kadhaa nimewafundisha wanafunzi wa darasa la saba ujazo wa pia, yaani koni, kwa kuandika kanuni ubaoni (theluthi ya eneo la kitako mara kimo) na kuwataka waikariri, na kila mwaka hakosekani mmoja wa kuuliza hiyo theluthi imetoka wapi. Ndiyo sababu nilipoliona kasha hili katika duka moja la vifaa vya shule huko Kariakoo, likiwa na maumbo 10 ya plastiki inayoonesha ndani, mengi yakiwa na kifuniko na karatasi ngumu ya rangi iliyokunjwa ndani yake, nililipa shilingi 38,000 bila kuvutana sana na muuzaji.

Karatasi hizo ndizo zilizonipendeza kuliko vyote. Ukiichomoa ile ya mche duara (silinda) na kuikunjua mezani unapata mstatili mmoja na maduara mawili, na mwanafunzi anajionea kwamba uso ule uliojipinda ni mstatili wa kawaida, ambao urefu wake ni mzingo wa duara la kitako na upana wake ni kimo cha mche. Tuliupima urefu huo kwa rula tukapata sentimita 30.1. Kipenyo cha ndani ni sentimita 9.6, na 30.1 ukiigawanya kwa 9.6 ni 3.135, jibu lililowafanya watoto waliozoea kuandika pai kuwa 22/7 kama amri kutoka wizarani waombe rula wapime tena wenyewe. Karatasi za mche pembetatu na piramidi nazo hukunjuka vizuri, ingawa mikunjo ya piramidi ilianza kuchanika wiki ya pili.

Kwenye ujazo ndipo kasha linapoharibu. Mchemraba umebandikwa lebo ya lita 1 kwa kuwa kila upande wake una sentimita 10, lakini vipimo hivyo ni vya nje. Plastiki yenyewe ina unene wa milimita 2, kwa hiyo ndani mnabaki sentimita 9.6 kwa 9.6, na kimo cha 9.8, yaani sentimita za ujazo 903 tu. Mimi, kwa kuiamini lebo, nilikuwa nimemwambia mwanafunzi amimine humo chupa mbili za maji za nusu lita mbele ya wenzake, na karibu mililita 100 ziliishia kwenye daftari la mahudhurio.

Ile pia nayo ilinitia aibu kwa namna yake. Kasha linaahidi kwamba pia tatu za maji zitaujaza mche duara wenye kitako na kimo sawa na vyake, nasi tulimimina taratibu, tatu kamili, maji yakaishia karibu milimita 3 chini ya ukingo. "Mwalimu, theluthi hii inapunja," alisema mmoja wao, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Tulipokokotoa kwa vipimo vya ndani tuliona kwamba mche unabeba mililita 709 na pia 228, ilhali theluthi ya 709 ni 236. Unene ule ule wa plastiki hula sehemu kubwa zaidi ya nafasi katika umbo lililochongoka.

Tufe halina karatasi, na hapo simlaumu mtengenezaji, kwa sababu uso wa tufe haulaziki juu ya meza bila kuchanika. Kijikaratasi cha maelezo kimetaja tu kwamba eneo lake ni mara nne ya eneo la duara lenye nusukipenyo hicho hicho. Tuliziba pengo hilo kwa chungwa: tulichora maduara manne kwa kulizungushia kalamu nusu ya chungwa, tukalimenya, na vipande vya ganda vikayajaza yote manne, pakabaki nyufa ndogo ndogo tu.

Niliporudi dukani kueleza habari za lebo, muuzaji alinijibu kwa upole kwamba mimi ni mteja wa kwanza aliyetia maji. Hata hivyo sikulirudisha. Nimebandua lebo zote na kuandika upya kwa kalamu ya wino usiofutika, 903, 709 na 228, na sasa somo la ujazo naanza kwa kuwapa wanafunzi rula na ule mchemraba, wanieleze mililita 97 zimekwenda wapi.